Maneno Matatu ya Pimbi

Paukwa.

"Pakawa!"

Mbona mmeitika kwa nguvu hivyo? Hadithi yenyewe imekuja kwa miguu, na imechoka. Ipisheni ikae.

"Ikae!"

Haya, imekaa. Na imekaa kwangu, maana nyinyi wengine kila mkiombwa kusimulia mna kikohozi.

Hapo kale palikuwa na jabali refu, na chini ya jabali palikuwa na ukuta mpana wa jiwe. Juu ya ukuta mwamba ulitokeza mbele kidogo, ukazuia mvua ndogo. Mvua kubwa haukuizuia. Shikeni hapo, mvua kubwa haukuizuia.

Chini ya ukuta huo aliishi Pimbi na mkewe na mtoto wao Tunu. Pimbi mnamjua. Mdogo, mnene, hana mkia, anashinda juu ya mawe akiota jua, na ukimtazama utadhani hana analolijua duniani. Lakini huyu alikuwa fundi wa kuchora. Alitafuna kijiti mpaka ncha ikawa nyuzinyuzi, akasaga udongo mwekundu, akaukoroga na mafuta, akachovya, akachora. Alichora anachokiona. Akiona mchwa, mchwa. Akiona wingu, wingu.

Katika kona ya chini ya ukuta palikuwa na picha moja ya zamani aliyoichora marehemu mama yake. Pimbi saba wamejipanga juu ya jiwe, wanaota jua. Basi, hakuna kingine. Kila asubuhi Pimbi alipita pale kabla hajanywa hata maji, akainama, akasema, "Shikamoo, mama." Kisha ndiyo siku ikaanza.

Wachoraji wa jabali lile walikuwa na mila yao. Hakuna aliyeruhusiwa kutia rangi ukutani kabla mchoraji mwenzake hajampa Maneno Matatu. Neno la kwanza la sifa, neno la pili la kasoro, neno la tatu la dawa. Mwenye kazi anasikiliza, anarekebisha, anachora. Mila nzuri kabisa, nayo iliendeshwa vizuri miaka mingi, mpaka alipohamia Chui.

Chui alikuwa mchoraji wa mambo ya ajabu. Alichora chui mwenye mabawa, amekaa juu ya mwezi, moshi unamtoka puani, mikia saba inaning'inia, na samaki wanaogelea mawinguni wakimwogopa. Mawazo alikuwa nayo, tusimnyime haki yake. Taabu ni kwamba alichorea mkia. Alichovya ncha ya mkia kwenye rangi, akaupa ukuta mgongo, akapiga pwa, pwa, pwa, huku macho yake yakitazama bondeni kama kuna windo linapita. Akimaliza ndipo anageuka kuona alichokifanya. Na tena alikuwa mroho. Akipewa rangi iliyokorogwa na mafuta, kwanza anayalamba mafuta, lamba lamba lamba, kisha anachorea udongo mtupu uliobaki.

Siku ya kwanza Chui alimwendea Kanga, akampangia mbele yake mawe bapa yenye michoro ya mkaa, akasema, "Mwenzangu, nipe matatu yangu." Kanga akasema kwamba mkaa umekolea, miguu haikulingana, na dawa yake ni kugeuka na kuchora kwa mkono. Chui akasema huyu ana wivu. Akamla.

Siku ya pili alimwendea Digidigi. "Mwenzangu, nipe matatu yangu." Digidigi alikuwa amekwisha kusikia habari za Kanga, basi akasema kwamba ni nzuri, ni nzuri, tena ni nzuri. Chui akasema huyu ni mwongo, na waongo wanaharibu sanaa. Akamla.

Siku ya tatu alimwendea Komba. "Mwenzangu, nipe matatu yangu." Komba akasema yeye hajui mambo ya picha. Chui akasema kama hajui basi hana kazi hapa. Akamla.

Siku ya nne, tapa tapa tapa, Chui akatokea kwa Pimbi.

Pimbi alikuwa amelala juu ya jiwe lake. Alifungua jicho moja, akaona mawe bapa yanapangwa mbele yake, akahisi uchovu unamwingia mpaka kwenye kucha. Si woga, ingawa woga nao ulikuwepo. Ni ule uchovu wa mtu anayejua ataulizwa nini, anajua ajibu nini, na anajua hakuna jibu litakalomfaa.

Chui akamweleza mpango wake wote. Atachora picha moja kubwa, ukuta mzima, toka kona hii mpaka kona ile. Na siku picha itakapokamilika atafanya karamu. Pimbi akauliza katika karamu hiyo kutaliwa nini. Chui akamtazama tumbo. Kisha akamtazama mkewe aliyekuwa mlangoni, akamtazama na Tunu.

"Mwenzangu," akasema, "nipe matatu yangu."

Pimbi akapiga mwayo. Akatazama michoro, jiwe hadi jiwe, maana hata kama utaliwa, kazi ya mwenzako lazima uitazame. Akasema, "Moshi huu wa puani umeupatia, fundi mkuu. Hilo la kwanza. La pili, mabawa yameota shingoni, akiruka atajinyonga. La tatu, yashushe begani."

Manyoya ya Chui yakasimama. Akaanza kurudi nyuma kinyumenyume, nyata, nyata, nyata, ile hatua ya chui anayetafuta nafasi ya kuruka. Mke wa Pimbi akamfunika Tunu macho. Pimbi akafumba yake mwenyewe, akawaza kwamba angalau sasa atapumzika.

Hakurukiwa. Alipofumbua macho alimwona Chui amesimama hatua saba nyuma, amepindisha kichwa, anatazama michoro yake.

"Ebo," Chui akasema taratibu. "Kwa kutokea hapa mabawa yako begani."

Ilikuwa kweli. Kwa kutokea pale bega na shingo vilikuwa doa moja.

Pimbi hakuwa na mpango wowote mpaka dakika ile. Wasimulizi wengine watawaambia alikuwa na hila kibao tumboni. Waongo hao. Alikuwa mchovu tu, na mchovu akiona mlango umefunguka wenyewe hupita. Akasema, "Basi fundi mkuu, ndiyo hiyo dawa. Hukuwa na kosa la mkono, ulikuwa na kosa la kusimama."

Chui akafurahi sana. Tangu azaliwe hakuwahi kupewa kasoro tamu kama ile. Akaenda kuchota udongo.

Siku iliyofuata akaanza kuchora ukutani, na Pimbi akawa mkoroga rangi wake. Kila asubuhi Pimbi alisaga udongo, akatia mafuta ya mbarika, akampa. Kila asubuhi Chui akalamba mafuta, lamba lamba lamba, akageuza mgongo, pwa, pwa, pwa. Mwezi ukatoka na pembe. Samaki wakatoka kama viatu. Ikabaki kona ya chini, na Chui akasema mkia wa saba utaishia pale.

Pimbi alijaribu. Alisema mikia sita inatosha, wa saba unaelemea upande mmoja. Alisema kuna picha pale. Chui akachungulia, akauliza ni picha gani, hivi vidudu? Akageuka akapiga pwa. Mkia wa saba ukawafunika pimbi saba na jua lao.

Asubuhi yake Pimbi alipita palepale kwa mazoea, akainama, asijue amsalimu nani. Alilia, nawaambieni. Alikaa nyuma ya jiwe akalia mpaka mkewe akamfuata na kumwambia, "Baba Tunu, nyamaza. Atasikia, atadhani unaisifu picha yake."

Chui alipomaliza mkia wa saba akageuka, pua yake inakaribia kugusa ukuta. Akatazama. Akanuna.

"Nani amechora hivi?" akauliza.

Pimbi akamkumbusha kosa la kusimama. Chui akarudi nyuma, nyata, nyata, hatua saba. Akasema mabawa sawa, lakini mwezi bado una pembe. Pimbi akampa matatu yake. La sifa, samaki wana hofu ya kweli. La kasoro, pembe za mwezi. La dawa, afike kwenye mgunga ule pale chini. Chui akafika kwenye mgunga, akatazama, na kweli pembe zilikuwa zimelainika.

Kesho yake samaki wakamsumbua. Sifa, kasoro, dawa, afike korongoni. Akafika korongoni, na kweli samaki wakawa samaki.

Kesho yake puani pakamsumbua. Sifa, kasoro, dawa, afike kwenye kile kichuguu kikubwa mbugani. Akafika kwenye kichuguu. Kweli, pua haikuwepo tena.

Na kila siku alikwenda mbali zaidi, na kila siku picha ikawa nzuri zaidi, na kila jioni alirudi kuambiwa kasoro nyingine. Pimbi hakumdanganya hata mara moja. Hilo ndilo lililomchosha. Uongo ungemtoka kwa pumzi moja, lakini kila siku kutafuta sifa ya kweli moja kwenye ukuta ule ilikuwa kazi ya punda. Usiku alilala akiota samaki.

Nikifupisha mtaniwia radhi, na mimi pia nina mgongo. Siku ya kumi na nne Chui alifika mlima wa pili, ule unaoonekana kwa rangi ya buluu kutoka hapa, akapanda mpaka kileleni, akageuka. Akaona ukuta mdogo unaong'aa kwa jua, na ndani yake kitu chekundu kilichotulia. Hakuona kasoro hata moja. Akashuka mbio, akavuka mbuga, akavuka korongo, akatokea mbele ya Pimbi anahema, huh, huh, huh.

"Imekamilika," akasema. "Leo karamu."

Pimbi alikuwa anasaga udongo. Hakuinuka. Akauliza, "Imekamilika hapa au kule?"

Chui akageuka kutazama ukuta kwa karibu. Akaona mabawa shingoni, mwezi wenye pembe, samaki viatu. Akageuka haraka upande wa pili. Akakiri kwamba hapa bado.

"Basi karamu ya picha iliyokamilika hailiwi mahali ambapo picha haijakamilika," Pimbi akasema.

Chui akafikiri. Kwa ulafi alikuwa na akili za kutosha. Akasema si neno, atambeba Pimbi mdomoni mpaka mlima wa pili, amle kule, mbele ya picha iliyokamilika. Kisha atarudi kumchukua mke, kisha atarudi kumchukua mtoto. Akafungua kinywa.

Pimbi akatazama kile kinywa. Akasema, "Nibebe. Miguu yangu nayo imekwisha, nitashukuru. Lakini njoo kwanza uone kitu."

Akalowesha kidole kwa ulimi, akakipitisha kwenye jicho la chui wa picha. Jicho likamfuata kidoleni. Palipokuwa na jicho pakabaki jiwe.

Chui akapiga kelele kama aliyetobolewa lake.

"Rangi haina mafuta, fundi mkuu. Mimi nilitia kila asubuhi. Mafuta yalikwenda wapi?"

Chui akajilamba mdomo. Na wakati huohuo, kama imeitwa, mvua ikaanza. Ndo. Ndo. Ndo, ndo, ndo. Si mvua ndogo. Niliwaambia mshike pale. Ikapigwa na upepo, ikaingia chini ya mwamba, na mabawa yakaanza kutiririka.

"Itengeneze!" Chui akasema.

"Wewe unachora kwa mkia, fundi mkuu, na mkia hauwezi kurudia mstari uleule mara mbili. Mwite Kanga aitengeneze."

"Kanga nilimla."

"Mwite Digidigi."

"Nilimla."

"Basi Komba."

"Nilimla," Chui akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Pimbi akapiga mwayo mrefu. "Basi nimebaki mimi. Twende mlimani ukanile. Ila tukifika usigeuke kutazama nyuma, maana ukutani hapatakuwa na kitu."

Mvua ikanyesha. Samaki wa kwanza akashuka chini, akawa tope. Chui akamtazama samaki, akamtazama Pimbi, akatazama samaki wa pili anayeanza kuteleza. Kisha akafunga kinywa. Akachukua kile kijiti kilichotafunwa, akakiweka mbele ya miguu ya Pimbi, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Wakakubaliana hivi. Chui atakaa mlima wa pili, mahali picha ilipokamilika. Pimbi atabaki ukutani na watu wake, na kila mvua ikipita atarudishia kilichotiririka. Kila asubuhi Chui atauliza kwa sauti kama picha imekaa, naye atajibiwa. Na huko mlima wa pili Chui atakula nini? Sijui. Na tangu lini mkamhurumia?

Basi Chui akahama. Kila asubuhi sauti yake ikavuka bonde: "Imekaaa?"

Na Pimbi akajibu kutoka ukutani: "Imekaaa."

Mtasema Pimbi ameshinda. Alipona, ndiyo. Mkewe akapona, Tunu akakua akaanza kuota jua mwenyewe. Lakini fikirini kazi yenyewe. Kila mvua, picha ile mbaya inashuka, na kila mvua Pimbi anapanda na kijiti chake kuirudishia, mabawa shingoni, pembe mwezini, maana asije akairekebisha mwenyewe akaulizwa. Na kila akifika kona ya chini anachora mkia wa saba juu ya mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Mafuta hakutia popote ukutani. Mkono ulikataa. Basi kila mvua ukashuka tena, na kila mvua akauchora tena. Uchovu wa namna hiyo haulaliki.

Mwaka mmoja ikaja masika nzito. Siku tatu mfululizo, cho cho cho. Siku ya nne alfajiri Pimbi akatoka na kijiti na udongo wake, akatazama juu. Ukuta ulikuwa mtupu. Hakuna mwezi, hakuna samaki, hakuna bawa. Kwenye kona ya chini tu palikuwa na pimbi saba, wamejipanga juu ya jiwe, wanaota jua. Mama yake alikoroga rangi na mafuta, wala hakuyalamba. Hapakupungua hata mstari.

Pimbi akachovya kijiti. Akainua mkono. Akakaa chini. Akakiweka kijiti.

Mkewe akatoka, akaona ukuta, akashika mdomo. Akakaa karibu yake. Tunu naye akaja akakaa.

Jua likachomoza, likagonga ukuta. Na kutoka mlima wa pili: "Imekaaa?"

Pimbi akafikiri juu ya kinywa kile. Akafikiri juu ya mwezi wenye pembe, na masika yote yajayo.

"Imekaa," akajibu.

Kule mlimani pakawa kimya. Pakawa kimya mpaka mke wa Pimbi akaanza kuhesabu pumzi. Kisha ikaja sauti ya upole, ya Chui ambaye hakuwahi kusikika hivyo.

"Mwenzangu. Leo ndiyo imetulia kuliko siku zote. Umegusa wapi?"

"Kona ya chini, fundi mkuu."

"Usiiguse tena," Chui akasema.

Pimbi akainuka, akaenda kwenye kona ya chini, akainama. "Shikamoo, mama," akasema. Kisha akapanda juu ya jiwe lake, akalala usingizi wa mchana kutwa, na hakuota samaki.

Sasa naona mmekaa mnanitazama. Mnataka funzo. Hamjawahi kuniacha nikalale bila funzo.

Haya, funzo ni hili. Mwenzako akikuonyesha kazi yake, mwambie kweli yote palepale, usoni pake, ukiwa umemkaribia kabisa. Hivyo ndivyo alivyofanya Kanga, na mpaka leo hakuna aliyewahi kumsikia akijuta.

Hadithi yangu imesimama, inakung'uta vumbi, inakwenda zake. Mlioiona nzuri, ni yetu sote. Mlioiona mbaya, rudini nyuma hatua saba.